Georg Ernst Stahl, daktari na mkemia wa Halle: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudiwa na wanafunzi wa kemia, wa udaktari na wapenzi wa historia ya sayansi kila jina la Stahl linapotajwa. Wengi humfahamu kwa jambo moja tu, flojistoni, yaani kitu alichosema kimo ndani ya kila kinachoungua, na humfahamu kama mtu aliyekosea. Yeye mwenyewe angeshangaa, maana alijihesabu kuwa tabibu kwanza. Majibu yanaanza na mambo mepesi na kuishia kwenye yale ambayo huzua ubishi.

## Maisha kwa ufupi

Stahl alikuwa nani hasa?

Daktari na mkemia Mjerumani aliyeishi kati ya 1659 na 1734. Alifundisha udaktari katika Chuo Kikuu cha Halle kwa zaidi ya miaka 20, kisha akahamia Berlin kuwa daktari wa mfalme wa Prussia hadi alipofariki. Katika kemia ndiye aliyeijenga nadharia ya flojistoni, ambayo iliwawezesha wakemia wa Ulaya kuona kwamba kuungua kwa kuni, kuliwa kwa chuma na kutu, na kupatikana kwa metali kutoka kwenye mawe ya madini ni mambo ya ukoo mmoja. Katika udaktari alifundisha kwamba mwili hai unaendeshwa na nafsi.

Alizaliwa 1659 au 1660?

Alizaliwa Oktoba 1659 katika mji wa Ansbach, kusini mwa Ujerumani ya leo. Vitabu vingi vya zamani viliandika 1660, na kosa hilo bado linanakiliwa. Ukikutana na mwaka huo usidhani ni Stahl mwingine.

Alisomea wapi?

Jena. Mwalimu wake mkuu alikuwa Georg Wolfgang Wedel, mfuasi wa madaktari walioamini kwamba afya na maradhi ni mambo ya kemia: asidi imezidi huku, alkali imepungua kule, na dawa ni kurekebisha. Stahl alipata shahada ya udaktari 1684, akabaki Jena akifundisha kemia, na 1687 akaajiriwa kuwa daktari wa kasri la Johann Ernst, mmoja wa watawala wa Sachsen-Weimar. Ni vizuri kulikumbuka somo hilo la Wedel, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha ya Stahl ilikwenda katika kulipinga.

Alifikaje Halle?

Chuo Kikuu cha Halle kilifunguliwa 1694 na Friedrich III, mtawala wa Brandenburg, ambaye 1701 alijitwalia cheo cha mfalme. Profesa wa kwanza wa udaktari alikuwa Friedrich Hoffmann, rafiki wa Stahl tangu Jena, na ndiye aliyemwita aje kushika kiti cha pili. Hoffmann alishika tiba ya vitendo na anatomia, Stahl akashika nadharia ya tiba, mimea ya dawa na kemia.

Halle haikuwa chuo tu. Ulikuwa pia mji mkuu wa Wapietisti, Walutheri waliosisitiza uchaji wa moyoni kuliko mabishano ya mafundisho, chini ya August Hermann Francke na kituo chake maarufu cha yatima. Stahl alikuwa karibu na mkondo huo, na mwanafunzi wake Johann Juncker ndiye aliyekuja kuwa daktari wa kituo hicho. Anayesoma habari za nafsi katika vitabu vya Stahl bila kukumbuka mji aliokaa atabaki na nusu ya habari.

Alikuwa na familia?

Alioa mara nne. Wake zake wawili wa mwanzo walifariki kwa homa ya uzazi, mmoja 1696 na mwingine 1706, na 1708 akafiwa na binti. Waandishi wengi wa wasifu hutumia misiba hiyo kueleza kwa nini alikuwa mkali na mpweke. Huenda, lakini maprofesa wengi wa zama zile walifiwa hivyo hivyo na hawakuandika kwa ukali wa Stahl.

## Kemia na flojistoni

Flojistoni ni kitu gani?

Ni kitu ambacho Stahl alisema kimo ndani ya kila kinachoweza kuungua. Kuni zinapowaka, flojistoni inatoka na kuingia hewani, na kinachobaki ni majivu. Mkaa unawaka ukaacha majivu kidogo sana, kwa hiyo mkaa ni karibu flojistoni tupu. Mshumaa uliofunikwa unazimika kwa sababu hewa iliyomo imejaa flojistoni na haiwezi kupokea zaidi.

Hapo hajasema jambo kubwa. Wengine walikwisha kusema mfano wake. Kubwa ni kuingiza metali katika hesabu hiyo. Ukichoma bati au risasi kwa muda mrefu, metali inageuka kuwa unga uliofifia, tuuite majivu ya metali. Stahl alisema metali nayo imepoteza flojistoni. Sasa chukua majivu hayo, yachanganye na mkaa, yatie motoni: mkaa unayarudishia flojistoni yake, na metali inayong'aa inarudi. Mafundi wa kuyeyusha madini walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani bila maelezo. Stahl aliwapa maelezo, na maelezo hayo yalisema kwamba kinachotendeka katika tanuri la fundi ni kinyume cha kinachotendeka katika moto wa kuni.

Aliona pia kwamba flojistoni haipotei. Mimea inaichukua kutoka hewani, wanyama wanaipata kwa kula mimea, kuungua kunaitoa tena. Dhana hiyo ya mzunguko imesahauliwa, nami naiona kuwa miongoni mwa mawazo yake bora.

Je, si Becher aliyeianzisha?

Mbegu ni ya Johann Joachim Becher, daktari mwingine Mjerumani, ambaye katika kitabu chake *Physica subterranea* cha 1669 alisema vitu vya ardhini vina aina tatu za udongo, na mmojawapo ni udongo wa mafuta unaofanya vitu viungue. Stahl alikichapisha upya kitabu hicho 1703 na kukiongezea maelezo yake mwenyewe, *Specimen Beccherianum*. Alimsifu Becher kiasi kwamba wasomaji walidhani kila kitu ni cha Becher. Lakini kuunganisha metali, mkaa na kuungua kuwa nadharia moja inayoweza kujaribiwa ni kazi ya Stahl.

Kwa nini watu wenye akili waliamini kitu kisichokuwepo?

Kwa sababu majaribio yalifanikiwa. Lililowashawishi zaidi lilikuwa jaribio la salfa, na linafaa kuelezwa hatua kwa hatua.

Salfa ikiungua inatoa asidi. Kwa maelezo ya Stahl, basi, salfa ni asidi pamoja na flojistoni. Ikiwa ni kweli, mtu aweze kuitengeneza salfa kwa kuirudishia asidi flojistoni yake. Tatizo ni kwamba asidi ikipashwa moto inaruka na kupotea. Stahl aliifunga kwanza kwa potasi, ikawa chumvi isiyokimbia moto. Chumvi hiyo aliiyeyusha pamoja na mkaa ndani ya chungu kilichofunikwa. Alipata kitu chenye rangi ya kahawia nyekundu ambacho wakemia wa wakati huo walikiita ini la salfa, sawasawa na kile kinachopatikana ukiyeyusha salfa ya kawaida na potasi. Alipokiyeyusha majini na kutia asidi kidogo, salfa ikajitenga.

Yaani alitabiri kitu kinaundwa na nini, akakiunda. Leo tunasema mkaa uliiondolea chumvi oksijeni yake, wala haukuipa chochote. Ila kwa mtu aliyesimama mbele ya chungu kile, hapakuwa na ishara yoyote ya kumwonyesha upande gani wa hesabu ndio sahihi. Kila mahali Stahl aliposema flojistoni inatoka, kemia ya sasa inasema oksijeni inaingia, na kinyume chake. Aliugeuza mshale juu chini, lakini vitu alivyoviweka pamoja ni vile vile ambavyo mwalimu wa kemia anaviweka pamoja leo anapofundisha uoksidishaji na upunguzaji.

Hakujua kwamba metali ikichomwa inaongezeka uzito?

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa. Daktari Mfaransa Jean Rey alilizungumzia 1630, na Robert Boyle wa Uingereza alilipima. Ni swali zuri: kitu kikipoteza flojistoni kitaongezekaje uzito?

Jibu la haki ni kwamba kwa wakemia wa kizazi cha Stahl uzito haukuwa hakimu mkuu. Walichotaka kueleza ni tabia: kwa nini hiki kinang'aa na kile haking'ai, kwa nini hiki kinaungua. Hewa nayo kwao ilikuwa chombo tu cha kubebea joto na flojistoni, haikuwa kitu kinachoweza kuungana na metali. Mpaka watu walipoanza kukusanya na kupima gesi, katika nusu ya pili ya karne ya 18, swali la uzito lilikuwa kero ya pembeni. Mwaka 1772 Guyton de Morveau wa Ufaransa alionyesha kwa vipimo vya uangalifu kwamba metali zinazochomwa huongezeka uzito, na tangu hapo kero ikawa donda.

Ni nani aliyeiangusha nadharia hiyo?

Antoine Lavoisier wa Paris. Alianza majaribio yake ya kuchoma salfa na fosforasi 1772, akaishambulia flojistoni waziwazi miaka ya 1780, na 1789 akachapisha kitabu chake kikuu cha kemia ambacho hakikuihitaji kabisa. Stahl alikuwa amefariki miaka 55 kabla. Kuhusu waliokataa kuiacha, tazama swali la oksijeni hapo chini.

Je, Stahl alikuwa mwanaalkemia?

Ujanani aliona kugeuza metali kuwa dhahabu ni jambo linalowezekana. Umri ulivyosonga alizidi kushuku, na mwishowe akawa anawaonya watu wasipoteze mali zao huko. Ukisoma mihadhara yake ya ujanani utamkuta yule wa kwanza, na mihadhara hiyo ilikuja kuchapishwa akiwa mzee, jambo ambalo limewachanganya wengi.

Nimesoma kwamba aliandika kuhusu pombe. Kweli?

Kweli. *Zymotechnia fundamentalis* ya 1697 inahusu kuchacha: bia, divai, siki, unga unaoumuka. Kwake kuchacha ni mwendo wa ndani unaovunja muunganiko wa vitu na kuacha vipande vyake viungane upya, na mwendo huo unaweza kuambukizwa kutoka kitu kinachochacha hadi kingine. Alijua pia kuikoleza siki kwa kuigandisha: maji yanaganda kwanza, yanaondolewa, na siki kali inabaki. Kitabu hiki kina uzito kuliko kinavyoonekana, kwa sababu kuchacha na kuoza ndiko kulikomfikisha kwenye swali la uhai.

## Udaktari na nafsi

Alifundisha nini kuhusu nafsi?

Kwamba mwili wa mwanadamu umeundwa kwa vitu vinavyooza upesi mno. Nyama na damu vikiachwa katika joto la kawaida vinaharibika kwa siku chache. Lakini mtu anaishi miaka 70 katika joto lile lile bila kuoza. Kuna kitu basi kinachozuia, na Stahl alisema kitu hicho ni nafsi. Nafsi ndiyo inayozungusha damu, kutoa taka na kurekebisha palipoharibika. Ikiondoka, kemia inaanza kazi yake na mwili unaoza.

Kazi yake kuu juu ya jambo hili ni *Theoria medica vera* ya 1708, kitabu kinene chenye Kilatini kigumu ambacho hata waliojua lugha hiyo vizuri walikilalamikia.

Nafsi ikiendesha moyo, mbona sijui kama ninauendesha?

Wapinzani wake walimuuliza hivyo hivyo. Stahl alitenganisha kujua na kufikiri juu ya unachojua. Nafsi ina aina ya ujuzi usiopitia hoja wala maneno, na kwa ujuzi huo inaendesha viungo. Mtu anayemeza chakula hajui ni misuli gani imejikaza, na bado humeza vizuri. Alitoa pia mfano wa hasira na hofu: mawazo matupu yanabadilisha mapigo ya moyo, tumbo na rangi ya uso. Kwa daktari wa zama hizi, ambaye hukuta wagonjwa wanaosumbuliwa na msongo wa mawazo, sehemu hii si ya kuchekwa.

Mkemia gani anasema kemia haifai katika udaktari?

Hapa ndipo wengi wanapotatizika, na ndiyo sababu kumsoma Stahl kunapendeza. Hakuwa na vichwa viwili. Alikuwa mkemia mzuri kiasi cha kujua kemia inaishia wapi kwa vyombo alivyokuwa navyo. Alipoichemsha au kuichoma damu, alipata vitu ambavyo moto wenyewe umevitengeneza, wala si vile vilivyokuwa vikitenda kazi ndani ya mgonjwa. Kina Wedel walikuwa wanachukua majibu ya tanuri na kuyapeleka kitandani kwa mgonjwa. Stahl alikataa.

Kwa hiyo alivitenga vitu viwili. Vitu visivyo hai vina sheria zake, na huko kemia iruhusiwe kufanya kazi bila kuingiliwa na roho wala miujiza. Mwili hai una utaratibu mwingine. Kutenga huko kuliiweka huru kemia yake: hutakuta nafsi popote katika maelezo yake ya salfa au risasi. Wapo wanaosema aliiburuza tiba nyuma. Sawa, ila kwa tendo lile lile aliiachia kemia ijitegemee, isiwe tena mtumishi wa duka la dawa.

Aliwatibuje wagonjwa?

Kwa subira na kwa kutoa damu. Akiamini kwamba homa ni juhudi ya nafsi kufukuza kinachodhuru, hakutaka kuizima. Kazi ya daktari ni kuisaidia pale inapolegea na kuituliza inapozidi. Alihusisha maradhi mengi na kujaa kwa damu, hasa katika mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na akaandika tasnifu ya 1698 akiuita mlango wa maovu. Kwa mantiki hiyo, bawasiri inayotoa damu kwake ilikuwa nafuu ya asili, kitu cha kuachwa kiendelee.

Palipo pabaya zaidi ni upinzani wake kwa gamba la mti wa sinkona, ambalo kwinini ilikuja kutengwa kutoka kwake. Homa za vipindi, ambazo leo tunajua nyingi zilikuwa malaria, zilisumbua maeneo ya mabwawa ya Ujerumani wakati huo, na gamba hilo lilikuwa miongoni mwa dawa chache za zama zile zilizotibu kweli. Stahl aliona linazuia kazi nzuri ya homa. Alikosea vibaya, na mzigo uliwaangukia wagonjwa. Wajerumani wenzake, karne mbili baadaye, waliipanda miti hiyo hiyo Amani, katika milima ya Usambara.

Aligombana na Hoffmann?

Urafiki ulipoa. Hoffmann aliutazama mwili kama mashine inayoendeshwa na mwendo wa nyuzi na majimaji, na wanafunzi wa Halle wakawa wanasikia mafundisho mawili yasiyopatana katika kitivo kimoja. Hoffmann alikuwa mpole wa kalamu, daktari aliyependwa na wenye mali, na matone yake ya etha na alkoholi yaliuzwa kwa vizazi. Stahl hakupenda kupendwa.

Na Leibniz je?

Huo ulikuwa ubishi wa maandishi. Gottfried Wilhelm Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati Mjerumani, alikisoma *Theoria medica vera* na kuandika pingamizi: nafsi haiwezi kuusukuma mwili bila kuvunja sheria za mwendo, na kila kitendo cha mwili lazima kiwe na sababu ya kimwili. Tena aliitetea kemia dhidi ya mkemia, akisema haifai kuitupa nje ya tiba. Stahl alijibu, Leibniz akajibu tena. Stahl aliyachapisha mabishano hayo 1720 kwa jina la *Negotium otiosum*, yaani shughuli isiyo na faida, wakati Leibniz amekwisha kufariki miaka minne kabla.

## Berlin

Alifanya nini huko?

Mwaka 1715 aliitwa kuwa daktari wa Friedrich Wilhelm I, mfalme aliyejulikana kwa kupenda jeshi na kubana matumizi. Stahl akaongoza pia baraza la udaktari la Prussia. Agizo la kifalme la 1725 liliweka masharti ya mitihani na vibali kwa madaktari, wapasuaji, wauza dawa na wakunga, na baraza hilo ndilo lililosimamia. Alifariki Berlin Mei 1734.

## Maswali ya wabishi

Kwa nini Kant alimtaja pamoja na Galileo?

Katika dibaji ya toleo la pili la *Kritik der reinen Vernunft*, 1787, mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant anawataja Galileo, Torricelli na Stahl kama mifano ya watafiti walioilazimisha asili ijibu maswali yao badala ya kuifuata kipofu. Stahl anatajwa kwa kugeuza metali kuwa majivu na majivu kuwa metali tena. Wakati huo Lavoisier alikuwa tayari ameanza kuibomoa nadharia yenyewe. Kant hakukosea: alikuwa anasifu namna ya kuuliza.

Kama oksijeni iligunduliwa na waamini wa flojistoni, nadharia ilikuwa mbaya kweli?

Carl Wilhelm Scheele na Joseph Priestley, waliopata oksijeni kila mmoja kwa njia yake, wote walikuwa upande wa flojistoni. Priestley aliiita hewa iliyoondolewa flojistoni, akimaanisha kwamba iko tupu na ina njaa ya kupokea, ndiyo maana mshumaa unawaka ndani yake kwa nguvu. Alishikilia hivyo hadi kifo chake 1804. Mjini Berlin kwenyewe, alikofia Stahl, Martin Heinrich Klaproth aliyarudia majaribio ya Lavoisier 1792 na kukubali kwamba flojistoni imekwisha. Nadharia ilikuwa mbaya kwa maana ya kutokuwa kweli. Kama chombo cha kutafutia, ilitumika vizuri kwa karibu miaka 80.

Niwaze kwamba Stahl ndiye baba wa wanaosema uhai una nguvu yake ya pekee?

Kwa tahadhari. Madaktari wa Montpellier, Ufaransa, kama François Boissier de Sauvages, walimsoma na kuchukua mengi. Lakini waliomfuata waliiweka nguvu ya uhai mahali pa nafsi yenye akili, na Stahl asingekubali kubadilishana huko.

Anayetaka kumsoma aanzie wapi?

Si *Theoria medica vera*. Kwa kemia, tafuta kitabu chake cha Kijerumani cha 1718 kuhusu ubishi juu ya salfa, ambamo hoja za flojistoni zimekaa wazi kuliko kwingine. Baron d'Holbach alikitafsiri kwa Kifaransa 1766. Kwa Kiingereza kuna tafsiri ya Peter Shaw ya 1730, iliyotokana na mihadhara ya kemia. Katika vitabu vyake vingi Kilatini na Kijerumani vinabadilishana katikati ya sentensi, kwa hiyo hata mwenye Kilatini kizuri ajiandae na kamusi mbili.